Ukingo wa Maji na Wenyewe: Kutoka Forodhani hadi Chimala

Mshairi wa pwani autajapo ukingo wa maji, mara nyingi huutaja kama mahali pa kuagana na kungojea. Chombo kimetweka, tanga limejaa upepo, na aliyebaki amesimama mchangani akiukodolea macho upeo. Taswira hiyo imezaa beti nyingi nzuri. Hata hivyo ina upungufu mmoja: ndani yake ukingo hauna mtu afanyaye kazi. Hamna mchukuzi, hamna mchoma samaki, hamna fundi akalafatiye jahazi wala mama anayeanika dagaa. Upungufu huo ungekuwa mdogo lau ungebakia katika ushairi. Haukubakia. Umehamia katika michoro ya wasanifu wa miji, na huko umekuwa zege na nyasi za kupandwa.

Katika miongo miwili iliyopita miji kadhaa ya Afrika Mashariki imezirudia kingo zake zilizotelekezwa na kutaka kuzifanya upya. Jambo hilo ni jema, na kwa kuwa ni jema lastahili kuhakikiwa. Mhakiki wa shairi hatosheki na utamu wa vina. Huuliza ni nani asemaye, ni nani aliyenyamazishwa, na kituo cha ubeti kinabeba nini. Maswali hayo hayo yaweza kuulizwa mbele ya bustani ya ukingoni. Makala haya yatapita mahali patatu: Forodhani mjini Unguja, ambako ukingo umekwisha fanywa upya na watu wameuonja, Kisumu kwenye Ziwa Viktoria, ambako kazi imechanganyika na ubomoaji, na Chimala, mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, usio na bahari wala ziwa ila una mto. Hoja ni moja. Ukingo hauwi wa umma kwa kupambwa. Huwa wa umma pale waliouishi wanapobaki baada ya mapambo, na pale maji yenyewe yanapoendelea kufika.

Jina la Forodhani latoboa siri ya mahali penyewe. Forodha ni pa kutozea ushuru, na pa ushuru ni pa mizigo, hesabu, jasho na mabishano. Kabla ya kuwa na maua, ukingo huu ulikuwa na wachukuzi, makarani na manahodha. Hatua chache kuelekea bandarini, katika barabara ya Mizingani, ungalipo Mtini uliopandwa mwaka 1911, ambao chini ya kivuli chake mafundi wa vyombo walifanya kazi miaka mingi. Bustani ilikuja baadaye, mwaka 1936, kuadhimisha jubilii ya fedha ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyeshika enzi mwaka ule ule wa 1911. Basi bustani ilizaliwa kama kasida: ilijengwa kumsifu mtawala, na raia waliitwa wawe wasikilizaji.

Yaliyofuata ndiyo yenye mazingatio. Bila ya amri ya mtu, na bila ya mchoro, watu wa mji waliigeuza kasida hiyo kuwa ngonjera. Jioni zilipoingia walikuja wachoma mishkaki na wauza pweza, wakaja wenye urojo na mihogo, wakaja wakamuaji wa miwa na mashine zao za gurudumu. Wazee walikuja kupunga upepo na kuchambua habari za siku, watoto walikuja kukimbia, na vijana wa kiume wakafanya ukuta wa bahari kuwa jukwaa la kupigia mbizi maji yanapojaa. Kila mmoja alijibu kwa sauti yake. Hakuna msanifu ambaye angeweza kuubuni mjumuiko huo, na hakuna haja ya kubuni kilichopo. Kazi ya msanifu ni kukiona.

Kufikia mwanzo wa karne hii Forodhani ilikuwa imechoka. Ukuta wa bahari ulikuwa unaliwa na mawimbi, maji ya mvua hayakuwa na pa kwenda, taa zilikuwa chache, na taka za jioni moja zilikutwa na taka za jioni ya pili. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib haikuweza tena kuachwa katika hali ile. Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ikaifanya upya, na tarehe 30 Julai 2009 ikafunguliwa mbele ya Rais Amani Abeid Karume na Aga Khan mwenyewe. Ukuta uliimarishwa, mitaro ikachimbwa, taa zikawekwa, njia zikatandikwa, miti ikatunzwa, watoto wakapewa pa kuchezea, na wapishi wakapangiwa mahali pao.

Katika hayo yote, jambo kubwa ni la mwisho. Miji mingi hutengeneza ukingo kwa kuanza na fagio, na wa kwanza kufagiwa huwa ni muuza chakula, kwa kuwa moshi wake hauonekani vizuri katika picha. Forodhani wapishi walirejea. Msanifu alikubali kwamba moshi ni sehemu ya mahali, kwamba bustani bila ya jiko la mkaa ingekuwa ua wa hoteli. Kwa hilo apewe haki yake. Kazi yake ya chini kwa chini nayo isisahauliwe: mtaro usioonekana hutumikia umma kuliko kijia kinachoonekana, kama vile mizani za shairi zinavyofanya kazi bila ya msomaji kuzihesabu.

Lakini uhakiki ukiishia kwenye sifa si uhakiki. Msomaji wa Unguja hahitaji kuambiwa kwamba bei za Forodhani husema lugha mbili, moja kwa mgeni na nyingine kwa mwenyeji, na kwamba mwenyeji aliye na watoto wanne hupiga hesabu kabla ya kukaribia meza. Kofia ndefu nyeupe za wapishi na meza zilizopangwa kwa safu zimeleta usafi, nao usafi ni neema. Pamoja nao kumeingia hali ya maonyesho. Mpishi aliyekuwa jirani amekaribia kuwa mchezaji wa tamthilia inayoitwa jioni ya Zanzibar. Hilo si kosa la mchoro peke yake, ni matokeo ya mji mzima kuuelekeza uso wake kwa mgeni. Hata hivyo mchoro waweza kulizidisha au kulipunguza. Pale penye kiti cha bure, maji ya kunywa, kivuli na nafasi ya kukaa bila ya kununua kitu, mwenyeji hubaki. Pale ambapo kila kikao kina bei, huondoka polepole, na hakuna atakayejua siku aliyoondoka.

Tena kuna suala la matunzo. Mbele ya bustani hiyo hiyo imesimama Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa pamoja na mnara wa saa iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo hilo halikuwa limekosa wasifiaji. Lilipigwa picha kuliko jengo jingine lolote kisiwani. Lilichokosa ni matunzo ya kutosha kwa miaka mingi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mwambao uliojaa chumvi methali hiyo ni kanuni ya uhandisi. Katika shairi kuna kipokeo, mstari unaorudi kila ubeti mpaka mwisho. Ukiachwa, shairi hulegea. Matunzo ndiyo kipokeo cha ukingo. Siku ya kukata utepe ni ubeti wa kwanza tu, na fedha za ubeti wa kwanza ni rahisi kupatikana kuliko za kipokeo.

Kutoka bahari ya chumvi kwenda ziwa la maji baridi, habari hubadilika kwa kiasi. Kisumu ilizaliwa na reli. Njia ya chuma kutoka Mombasa ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, na mahali ilipoishia Waingereza wakapaita Port Florence. Tangu siku hiyo ukingo ukawa mali ya bandari na ya reli: gati, maghala, matangi ya mafuta, ua na nyaya. Mji ulikua ukiupa mgongo ule uwanda wa maji uliouzaa. Mtu angeweza kuishi Kisumu na kufanya kazi Kisumu, naye ziwa akalijua kwa upepo tu.

Palikuwa na upenyo. Mwisho wa mtaa wa Oginga Odinga, kwenye ardhi ya reli, palikuwapo Lwang'ni, safu ya mabanda ya mabati yaliyouza ngege wa kukaanga na ugali. Jina hilo kwa Kijaluo ni nzi, na wenye mabanda hawakulionea haya. Hapo karani, dereva, mwanasiasa na mgeni wa kutoka Nairobi walikaa benchi moja, wakanawa mikono, wakala kwa vidole wakilitazama ziwa. Hapo pia magari yalioshwa majini, mafuta yakaelea, na maji machafu ya jikoni yakarudi kule kule samaki alikotoka. Aliyeilalamikia Lwang'ni kwa uchafu alikuwa na haki. Aliyeipenda naye alikuwa na haki, maana kwa mkazi wa kawaida hiyo ndiyo ilikuwa njia nyepesi kuliko zote ya kuketi mbele ya ziwa lake.

Bandari ilipofufuliwa na ardhi ya reli kurudishwa mikononi mwa serikali, mabanda yale yalivunjwa. Mwezi Mei 2022 mji ukapokea mkutano mkuu wa miji ya Afrika, Africities, na kabla yake ukajisafisha, ukapanga barabara zake na kuzungumza sana juu ya ukingo mpya. Penye ugeni hufagiwa, na hilo ni adabu ya Kiafrika. Ila mwenye nyumba mwenye busara hafagii pamoja na watoto. Ukilinganisha na Forodhani tofauti yaonekana wazi. Unguja jiko lilifanyiwa mtaro. Kisumu jiko liliondolewa kwa kuwa halikuwa na mtaro. Kosa la Lwang'ni lilikuwa la bomba, la choo na la pa kuoshea magari, nayo ni mambo yenye dawa. Kumwondoa mpishi kwa sababu ya maji machafu ni kama kuufuta ubeti mzima kwa sababu ya kina kimoja kilichopotea.

Hata ukingo wa Kisumu ungetengenezwa kwa uadilifu wote, ungebaki na swali ambalo mchoro wa ardhini hauwezi kulijibu. Tangu karibu mwaka 1990 Ziwa Viktoria limekuwa likivamiwa na gugu maji, na Ghuba ya Winam ni miongoni mwa sehemu zilizoteseka kuliko nyingine. Kuna majuma ambapo anayeketi ukingoni haoni maji, huona shamba la kijani ambamo mitumbwi imenasa. Gugu hilo hunenepa kwa rutuba inayoletwa na mito: udongo wa vilima vilivyokatwa miti, mbolea ya mashamba, maji taka ya miji. Wadudu maalumu walifugwa na kuachiwa walile, mashine zimeletwa kulivuna, nalo limepungua na kurudi, limepungua na kurudi. Kisha mwezi Mei 2020, baada ya mvua kubwa, kina cha ziwa kiliivuka rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia majumbani, mahotelini na penye masoko ya samaki. Ziwa lilikuwa limekumbusha mipaka yake. Anayechora ukingo kwa rula, kana kwamba maji yatakaa pale alipoyaacha siku ya kupima, anachora kitu ambacho hakipo.

Karibu na mji, upande wa kusini, kuna mahali panapofundisha bila ya kelele. Dunga ni kijiji cha wavuvi kilichopakana na kinamasi cha mafunjo. Mafunjo huchuja maji yanayoingia ziwani, huwapa samaki pa kuzalia, huwapa ndege maskani, na huwapa wasusi malighafi ya mikeka. Ziwa likipanda hukubali, likishuka hufuata. Ni ukuta ulio hai, na pia ni karakana. Kinamasi hicho hakikusalimika. Hukatwa, huchomwa, humegwa kwa kilimo, nayo mafuriko ya 2020 yaliwaathiri waishio kando yake. Lakini wavuvi, wasusi na vijana wanaowaongoza wageni kutazama ndege wana sababu ya kukilinda, kwa kuwa kinawalisha. Hapo ndipo neno endelevu, linalotumiwa ovyo katika hotuba, linapopata maana yake: kitu hudumu pale kinapokuwa na mwenyewe anayekihitaji kesho.

Kisumu basi yatufikisha kwenye ukweli ambao Forodhani inaweza kuuficha kwa sababu ya ukubwa wa bahari: ukingo ni mwisho wa safari ya maji, na afya yake huamuliwa mbali, huko juu. Kwa sababu hiyo inafaa kuiacha miji ya kingo zenye majina na kupanda hadi huko yanakoanzia.

Kwa msomaji wa kisiwani, Chimala haiko mbali kama ramani inavyodai. Maji ya mito inayoshuka katika bonde la Usangu huingia Ruaha Mkuu, hupita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hukaa katika bwawa la Mtera, huteremka Kidatu, huungana na Rufiji, na kumwagika baharini katika delta mkabala na Mafia. Katika delta hiyo ndimo ilimo mikoko iliyotoa boriti za Mji Mkongwe kwa vizazi na vizazi. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe ulipimwa kwa urefu wa boriti, na boriti ilinyweshwa, pamoja na maji mengine mengi, na maji ya Nyanda za Juu Kusini. Mwenye kulala chini ya dari ya Shangani amelala chini ya mto.

Chimala yenyewe ni mji wa njia. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia yaukata, reli ya TAZARA ina kituo chake hapo, na malori husimama usiku na mchana. Upande mmoja ni mbuga tambarare ya Usangu na majaruba ya mpunga hadi macho yachoke. Upande wa pili ni ukuta wa mlima, na barabara ya kona hamsini na saba inayopanda kwenda Matamba na Kitulo, kwenye uwanda wa maua uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mto Chimala washuka kutoka huko juu, baridi na mwepesi, na kuingia tambarare ambako kila mkulima anausubiri.

Miji ya njia huwa na tabia ya kuitazama njia. Maduka, nyumba za kulala wageni, wauza mahindi ya kuchoma na wauza mchele wote huelekea lami, maana huko ndiko kuna mnunuzi. Mto hubaki nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ni pa kutupia kisichotakiwa. Hii ni kanuni ya miji ya aina hiyo kila pahala, na haina haja ya kumlaumu mtu. Mji mdogo hauna bajeti ya bustani, wala hauna mgeni wa kupigiwa picha. Na hiyo huenda ikawa bahati: ukingo ambao hakuna anayeutaka kwa hoteli bado waweza kupewa umma kabla ya bei kupanda.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa, shughuli za kudumu na zile ziwezazo kuharibu hifadhi ya ukingo huo. Kusudi ni jema. Lakini mita 60 zilizopimwa kwa kamba na kuachwa tupu ni ardhi isiyo na mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe ina wenyewe wengi: mfyatua matofali wa usiku, mchimba mchanga, mtupa taka. Sheria imesema kisichotakiwa. Haikusema kinachotakiwa, nayo si kazi yake. Hiyo ni kazi ya mji.

Kinachotakiwa si kigumu kukiwaza. Pawe na miti iliyo rafiki wa maji, mikuyu na jamii yake, mahali pa mikaratusi inayoyanywa. Pawe na njia ya miguu inayomfikisha mtoto shuleni na mama sokoni, ili ukingo upitwe kila siku na kwa hiyo ulindwe kila siku kwa macho. Pawe na pa kufulia palipojengewa, maji ya sabuni yaende shimoni yasirudi mtoni. Pawe na kivuli na viti vya bure ambapo dereva wa lori, badala ya kulala chini ya tela lake, atakaa na kunywa chai ya mama lishe mwenye jiko lenye mtaro. Hakuna katika hayo kitu cha kumshangaza mgeni. Kila kimoja kina mwenyewe atakayelalamika kikiharibika, na malalamiko ya mwenyewe ni matunzo yasiyohitaji mfadhili.

Hata hivyo ukingo wa Chimala hauwezi kuokolewa Chimala peke yake. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi baada ya kutoka katika kinamasi cha Ihefu. Viboko walibanana katika madimbwi, na bwawa la Mtera, linalohifadhi maji ya kuendeshea mitambo yake na ile ya Kidatu, likaingia katika mazungumzo ya mgawo wa umeme. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitoa ahadi mbele ya ulimwengu kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika na kupita. Katika 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na 2008 sehemu kubwa ya bonde ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Mto haukurudi kwa hayo. Tafiti zilizofanywa bondeni humo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikwisha onyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa maji ya kiangazi yanayochepushwa kwenye mabanio na kupotea katika mifereji, mengine yakienda kwenye mashamba yasiyo na zao wakati huo.

Ni kisa kile kile cha Lwang'ni katika umbo la mbuga. Palikuwa na ubaya wa kweli. Akatafutwa wa kuondolewa. Aliyeondolewa akawa yule mwepesi kuonekana na dhaifu wa kujitetea. Na bomba, au tuseme banio, likabaki lilivyo.

Usangu ilikuwa na njia nyingine, na wapenzi wa ushairi wataitambua kwa kuwa inafanana na majibizano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Uingereza waliwaletea wakulima mchezo wa ubao. Ubao umeinamishwa, umechongwa mto na mifereji, na maji ni gololi. Gololi humiminwa juu, kila mchezaji akiweka kijiti chake kuzikingia upande wake. Walio juu hujaza vishimo vyao, walio chini hubaki na mikono mitupu. Kisha watu huzungumza, huhesabu, na hucheza tena. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na methali hiyo haimlaani mwamba ngoma. Hueleza tu alipokaa. Mchezo ule ulimhamisha alipokaa. Mkulima wa juu alikiona kishimo kitupu cha jirani wa chini, na hakuwa ameambiwa na afisa, alikuwa amekiona kwa macho yake.

Msanifu wa ukingo angefaa ajifunze hapo. Mikutano ya kushirikisha wananchi hufanywa kila mradi. Aghalabu mchoro huletwa umekwisha malizika, na wananchi huombwa makofi. Ubao wa gololi ulikuja mtupu. Leo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina ofisi yake Iringa. Vikao vipo basi. Lililobaki ni kumwita katika kikao kimoja mtu wa banio, mama wa kufulia, mfugaji, mfyatua matofali na dereva wa lori, na kuuweka ubao mbele yao kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Uzito wa jambo hili waongezeka. Huko chini kwenye Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, nalo liko chini ya makutano ya Ruaha na Rufiji. Taa za Dar es Salaam, na za Unguja zinazopita katika waya wa chini ya bahari, zina sehemu yake katika mito midogo ambayo jina lake halijulikani kwa aziwashaye.

Wahakiki wamezoea kukipima kitabu kwa kukilinganisha na vitabu. Kingo hizi tatu zikipimwa pamoja, Forodhani yastahili sifa kwa kuwarejesha wapishi na onyo juu ya bei na matunzo. Kisumu yastahili huruma kwa ziwa lake na lawama kwa kufagia kabla ya kuchimba mtaro. Chimala, ambayo bado haijaandikwa, yastahili kupewa kalamu yenyewe. Washairi nao wana deni. Muda mrefu wameupa ukingo machozi na upeo. Sasa waupe mfuaji, mkata mafunjo, mkaanga ngege na mzee wa banio anayefungua maji alfajiri, akapima kwa jicho yatakayobaki kwa jirani wa chini, na kufunga.